Nimelipia chemchemi ya maji moto, nimekabidhiwa birika!

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira ndani ya hema hili hili linaloitwa la kifahari, hapa kando ya mto, na sitamtaja mtu jina kwa sababu kila aliyewahi kulala katika bonde hili anamfahamu msimamizi yule mwenye filimbi shingoni. Nilipomuuliza kwa adabu zote kwa nini bwawa la chemchemi limezungushiwa kamba, alinyanyua birika, akalitua mbele ya miguu yangu na kusema: "Maji ya moto ni maji ya moto, mama."

Birika! Nimekatiza msitu mzima kwa njia ambayo hata nyoka angeomba abebwe, ili nije kukabidhiwa birika lenye masizi hadi kwenye mkono wake! Maji ya chemchemi ni mvua iliyopenya ardhini hadi kina ambako joto huongezeka kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita, kisha ikarudi juu ikiwa imebeba madini ya miamba iliyopitia. Maji ya birika lile yalitekwa mtoni, nyuma ya jiko, na juu yake lilikuwa linaelea jani. Aliliona. Akalitoa kwa kidole, akakipangusa kidole kwenye suruali, kisha akarudia maneno yale yale mbele ya wageni wote, huku jamaa zake wakirushiana maji upande wa pili wa kamba!

Ningeweza kusema na mengine kuhusu mahema haya, lakini ni birika lile ndilo linaloninyima usingizi.

Mzee wa Turubai: Pole sana, dada. Birika hilo nalifahamu, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Mimi nililetewa pamoja na beseni, nikaambiwa kwamba hiyo ndiyo huduma ya wageni maalumu.

Mpenda Mvuke: Mleta mada, nawe umezidi. Zipo chemchemi ambazo maji yake huivisha yai, ilhali maji ya kujilaza ndani yake hayapaswi kuzidi nyuzi 40 hivi. Huenda mtu wa watu ameokoa ngozi yako, nawe unamfungulia uzi kwa ajili ya jani moja.

Mleta mada: Ndugu yangu, maji yakizidi moto huchanganywa na ya mtoni kabla hayajaingia bwawani, na mfereji wa kazi hiyo upo, nimeuona kwa macho yangu. Kama yalikuwa ya kuivisha yai, mbona jamaa zake hawakuiva? Alinipa birika, mbele za watu!

Binti Bondeni: Afadhali wewe umepata cha moto. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo usiku huteremka kutoka milimani na kutuama bondeni, na pumzi zetu zikagusa turubai lililopoa zikageuka matone. Niliamka mto wa kulalia umelowa kuliko mto wenyewe, na yule bwana akaniambia ni umande wa asili.

Msafi: Mbona hakuna anayezungumzia sabuni? Wageni wanafulia mtoni kabisa, wakati inatakiwa maji ya sabuni yamwagwe mbali na kingo, angalau mita 60, hata kama sabuni yenyewe ni ya kuoza. Nilipolalamika, alinipulizia filimbi.

Hema la Mwisho: Nyinyi mnalilia mabirika na sabuni, na sisi tumefungiwa jenereta nyuma ya kitanda. Tulifuata sauti ya mto, tukalala na ngurumo hadi alfajiri, meno yakigongana yenyewe.

Mzee wa Turubai: Jenereta hilo limehamia kwenu? Mwaka jana lilikuwa nyuma ya hema langu, na moshi wake wote ulikuwa unaingia ndani.

Binti Bondeni: Hebu elezeni vizuri ni hema gani hasa, kwa maana nimeshaweka nafasi ya mwisho wa mwezi.