Mnazipataje nyimbo mpya za kielektroniki na rimiksi zake kabla hazijavuma?

Mpenda_Midundo (muulizaji)

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wale wanaoufuatilia muziki wa kielektroniki kwa karibu, hasa hausi na tekno, aina mbili za muziki wa klabu. Kwa muda mrefu nimetegemea orodha ambazo huduma za kusikiliza muziki mtandaoni huniandalia kila juma, lakini naona zinanizungusha palepale: wasanii ni walewale, sauti zinafanana, na nyimbo nyingi zimekwisha kuvuma. Kinachonivutia hasa ni kile ninachokisikia ndani ya miksi ndefu za ma-DJ, yaani nyimbo nyingi zilizounganishwa bila kukatika, ambako wimbo ninaoujua hutokea ukiwa na besi nyingine kabisa na sauti ya mwimbaji ikiwa imekatwakatwa. Nikienda kuutafuta kwa jina lake, napata toleo la awali ambalo halina hata chembe ya kile nilichokisikia.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, mnazifikiaje nyimbo mpya mapema, zikiwa bado mikononi mwa watu wachache? La pili, nikisikia rimiksi, yaani wimbo ulioundwa upya namna hiyo, katikati ya miksi ya saa mbili, nitajuaje ni ya nani na inapatikana wapi? Programu ya Shazam, inayotambua wimbo kwa kuusikia, nimeijaribu. Mara nyingine haitoi jibu, mara nyingine hunipa jina la wimbo asilia. Nitashukuru kwa maelezo ya kina, hata yakiwa marefu, kwa sababu nataka kujifunza njia yenyewe ili niweze kujitafutia.

Santuri_Nyeusi

Mkuu, karibu. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba uanze kufuatilia majina ya watu. Katika muziki huu, jina linaloandikwa kwenye mabano baada ya jina la wimbo, yaani la aliyeuunda upya, lina uzito sawa na jina la msanii aliyeuimba, na mara nyingine lina uzito zaidi. Mazoea hayo yana asili yake. Katika miaka ya 1970, kule New York, Tom Moulton alianza kuzirefusha nyimbo za disko ili wachezaji wasikatizwe wakiwa wamekolea, na mwaka 1976 lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Salsoul ikatoa kwa ajili ya kuuzwa santuri ya inchi 12 yenye wimbo wa kundi la Double Exposure uliochanganywa upya na DJ Walter Gibbons. Tangu enzi hizo mtu anayeuunda wimbo upya amehesabiwa kuwa msanii kamili, na wanunuzi wengi wa santuri walikuwa wakisoma kwanza jina la mchanganyaji.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wimbo "Missing" wa kundi la Everything but the Girl. Ulipotoka mwaka 1994 haukufika mbali. Kisha Todd Terry, prodyuza wa hausi wa New York, akauwekea mdundo wake, na toleo hilo likapanda hadi nafasi ya pili katika chati kuu ya Marekani mwaka 1996. Maneno ni yaleyale na mwimbaji ni yuleyule, lakini kilichowainua watu vitini ni mkono wa Todd Terry. Mtu aliyeupenda wimbo ule kisha akatafuta nyimbo nyingine za kundi lile alikutana na muziki wa aina tofauti sana. Aliyefuata jina la Todd Terry ndiye aliyefunguliwa hazina nzima ya hausi.

Kwa hiyo fanya hivi: ukipata rimiksi moja unayoipenda, nenda katika tovuti ya Discogs, ambayo ilianzishwa mwaka 2000 kwa ajili ya kuorodhesha santuri za muziki wa kielektroniki kabla ya kupanuka, kisha fungua ukurasa wa yule aliyeifanya. Utaona kila kazi aliyoitia mkono, na utaona pia majina yake mengine. Hili la majina mengine wageni wengi hulipita, nalo ndilo linaloficha mali nyingi. Carl Craig wa Detroit, Marekani, ametoa kazi akijiita Paperclip People, 69 na Innerzone Orchestra. Kieran Hebden anajulikana kama Four Tet, lakini baadhi ya nyimbo zake zenye nguvu za klabu zimetoka kwa jina la KH. Usipoyajua majina hayo utadhani msanii wako amenyamaza kwa mwaka mzima, kumbe anafanya kazi chumba cha pili.

Baada ya mtu, fuata lebo. Lebo nyingi za muziki huu ni ndogo na zinaendeshwa kwa sikio la mtu mmoja au wawili. Juan Atkins alianzisha Metroplex mwaka 1985 ili atoe muziki wake mwenyewe, na Derrick May akafuata na Transmat. Wenzao wa Detroit wakapitishia kazi zao humo. Hali iko hivyo hata leo, kwamba lebo huonyesha nani anamheshimu nani na nani anampa nani kazi ya rimiksi. Ukipenda nyimbo tatu za lebo moja, sikiliza zote walizotoa kwa mpangilio wa namba ambazo lebo huzipa kazi zake, kuanzia ya kwanza. Inachukua muda, lakini sijaona njia inayofundisha sikio haraka kuliko hiyo.

Fundi_wa_Masafa

Namuunga mkono aliyetangulia, nami nitajibu swali la pili, kwa kuwa ukielewa namna Shazam inavyofanya kazi utajua pia kwa nini inashindwa.

Huduma hiyo ilianza Uingereza mwaka 2002, ambapo mtu alipiga namba 2580 na kuielekeza simu kwenye spika. Tangu mwanzo, mfumo wake hauusikilizi wimbo kama tunavyousikiliza sisi. Unageuza sauti kuwa picha inayoonyesha masafa ya sauti kwa kila kipande cha muda, kisha unachagua vilele vyenye nguvu zaidi, unapima umbali wa muda kati ya kilele na kilele, na kulinganisha vipimo hivyo na hazina yake ya rekodi. Ndiyo maana kelele za watu haziuzuii sana, kwa sababu vilele vikubwa hubaki vikionekana juu ya kelele.

Sasa fikiria kazi ya DJ. Wimbo uliorekodiwa kwa mapigo 124 kwa dakika anauharakisha hadi 129 ili ulingane na unaofuata. Hilo ni ongezeko la asilimia 4 hivi, na linatosha kubana umbali kati ya vilele. Na ikiwa hakufunga kitufe kinacholinda kimo cha sauti, vilele vyenyewe vinahama. Ongeza kwamba kwa dakika moja au mbili nyimbo mbili zinapigwa kwa pamoja, besi ya mmoja ikiwa imepunguzwa na ya mwingine imepandishwa. Hazina ya Shazam haina rekodi ya namna hiyo, kwa hiyo haitoi jibu. Na pale inapokupa wimbo asilia, huenda prodyuza wa rimiksi amechukua sauti ya mwimbaji kama ilivyo bila kubadilisha mwendo wake, ikawa vilele vya sauti ile ndivyo vilivyotambuliwa.

Tiba yake ni subira. Usijaribu kuutambua wimbo unapoingia. Ngoja katikati, pale uliotangulia umekwisha kuondolewa na unaofuata haujaguswa, kisha jaribu mara kadhaa katika sehemu tofauti. Ikishindikana, rekodi kipande, kiingize katika programu ya bure ya kuhariri sauti kama Audacity, upunguze kasi kwa asilimia 3, kisha 4, kisha 5, na kila mara ujaribu tena. Njia hii imenifungulia nyimbo nyingi ambazo nilikuwa nimekwisha kuzikatia tamaa.

Ukikwama kabisa, nenda tovuti ya 1001Tracklists, ambako wasikilizaji huandika wimbo gani ulipigwa dakika ya ngapi katika miksi za ma-DJ. Mahali palipoandikwa "ID" maana yake hakuna aliyeutambua bado, au wimbo haujatoka. Hapo usikasirike, kwa kuwa umeufikia wimbo mpya kwa maana yake halisi! Lebo huwatumia ma-DJ nyimbo majuma kadhaa kabla ya siku ya kutoka, kama zamani zilivyotumwa santuri zenye karatasi nyeupe isiyo na jina. Weka alama, urudi baada ya mwezi, na mara nyingi utakuta jina limekwisha kujazwa. Katika SoundCloud, mtandao ambako wasanii huweka muziki wao wenyewe, vilevile maoni ya wasikilizaji hubandikwa kwenye sekunde yenyewe ya wimbo, na swali lako huenda limeshaulizwa na kujibiwa hapohapo.

Sikio_Wazi

Ningependa kuzitetea kidogo zile orodha za kila juma, kwa sababu tatizo lake lina sababu inayoeleweka. Mfumo wa mapendekezo hujifunza kutokana na watu: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile. Wimbo uliotoka asubuhi ya leo hauna historia ya kusikilizwa, kwa hiyo mfumo hauna cha kuufungamanisha nacho. Kwa nyimbo za miaka iliyopita orodha hizo zinafaa sana. Kwa wimbo mpya wa lebo ndogo, zitachelewa. Zitumie kwa kazi zinayoiweza.

Kwa nyimbo mpya, mimi natumia njia mbili. Ya kwanza ni redio. Kipindi cha Essential Mix cha BBC Radio 1 kimekuwa kikitoa miksi ya saa mbili tangu mwaka 1993, na kituo cha NTS cha London, kilichoanza mwaka 2011, huchapisha orodha za nyimbo za vipindi vyake vingi. Mtangazaji mwenye sikio zuri amekwisha kupepeta mamia ya nyimbo kabla hajakufikishia kumi. Chagua watangazaji wawili au watatu, uwe mwaminifu kwao.

Ya pili ni Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Chini ya albamu utaona picha za watu walioinunua, na ukibonyeza picha ya mmoja wao unafunguliwa mkusanyiko wake wote, kama ameuacha wazi. Tafuta mtu aliyenunua albamu mbili au tatu ambazo nawe unazipenda na ambazo si maarufu. Mtu huyo ametoa fedha zake, hivyo chaguo lake lina uzito ambao orodha ya mashine haina. Nimewapata wasanii wengi kwa kupekua mikusanyiko ya watu nisiowafahamu kabisa, na naamini hakuna njia ya kibinadamu zaidi ya hiyo mtandaoni.

Mpenda_Midundo (muulizaji)

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Nimejaribu hila ya Audacity na wimbo mmoja ulionisumbua umejitokeza. Limebaki jambo moja. Nikifika kwenye duka la mtandaoni nakuta wimbo mmoja una matoleo matano au sita, na sijui lipi ni lile la kwenye miksi. Halafu rimiksi mbili nilizozipenda SoundCloud zimetoweka, hata kurasa zake hazifunguki. Hizo nazo hutafutwaje?

Santuri_Nyeusi

Kuhusu matoleo, angalia urefu na maneno yaliyoandikwa baada ya jina. Toleo la "Extended Mix" ndilo DJ anatumia kwa kawaida: lina dakika 5 hadi 7 hivi, likianza na kuishia kwa ngoma tupu ili aweze kuliunganisha na jingine. "Radio Edit" ni fupi, dakika 3 au zaidi kidogo, na ndilo unalokutana nalo mara nyingi katika huduma za kusikiliza, kwa hiyo huenda umeshausikia wimbo ukidhani si wenyewe kwa kuwa sehemu uliyoipenda imekatwa. "Dub" imepunguzwa maneno na kuachia besi na mwangwi, urithi uliotoka kwa mafundi wa Jamaika kama King Tubby. Ukiona "VIP", ujue prodyuza ameurudia wimbo wake mwenyewe kwa namna nyingine, na mara nyingi toleo hilo huwa gumu na la klabu zaidi. Beatport, inayouza muziki huu tangu mwaka 2004, huonyesha kando ya kila toleo urefu wake, mapigo kwa dakika, ufunguo wake wa muziki na lebo. Kama miksi ilikuwa inaenda kwa 128 na toleo moja limeandikwa 126 na jingine 100, unajua la kuanza nalo.

Zilizotoweka zilikuwa, kwa uwezekano mkubwa, rimiksi zisizo na kibali. Prodyuza anachukua sauti ya wimbo unaomilikiwa na lebo kubwa, anautengeneza upya bila ruhusa, kisha anauweka hewani, na mwenye haki akidai, unaondolewa. Baadhi ya kazi nzuri kabisa katika muziki huu zimepita kwa njia hiyo, na nyingine zilipopendwa mno lebo zenyewe ziliamua kuzitoa rasmi. Kwa hiyo andika jina la prodyuza siku hiyohiyo unayoisikia, umfuate yeye mwenyewe. Ukurasa wa wimbo unaweza kufungwa, lakini mtu bado yupo, na wengi wao huziachia kazi hizo bure kwa wafuasi wao kwa muda mfupi, au huondoa sauti ya mwimbaji na kuutoa mdundo peke yake ukiwa na jina jipya. Tafuta mdundo huo katika kazi zake za miezi inayofuata.

Fundi_wa_Masafa

Nyongeza ndogo kwa hayo: tangu Julai 2015 lebo nyingi duniani hutoa nyimbo zao siku ya Ijumaa, na baadhi za muziki huu huanzia Beatport kwa majuma kadhaa kabla ya kuzifikisha kwingine. Ukishakuwa na majina kumi ya watu na lebo tano, pitia kurasa zao Ijumaa jioni. Ni kazi ya nusu saa. Kama wimbo uliojitokeza kwa Audacity una jina kwenye mabano, liandike hapa tulifuate pamoja.