Uzamivu huku uko kazini: tupeane uzoefu, hasa wa Tabora na Kigoma

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha afya, Tabora mjini. Nimepata nafasi ya kusoma uzamivu (PhD) bila kuacha kazi. Mwajiri ameniruhusu, ila ada ni juu yangu. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Chuo kinataka jibu mwisho wa mwezi. Mliomaliza na mlioacha njiani, naombeni mnieleze ilivyokuwa, msinifiche.

Mhadhiri msaidizi, Tabora: Kwetu vyuo vikuu uzamivu haukwepeki. Ukibaki na uzamili, unabaki mhadhiri msaidizi. Wewe jiulize ukiupata kazini kwako kitabadilika nini. Kama cheo na mshahara havisogei, uwe na jambo jingine la kukuamsha saa kumi alfajiri.

Afisa uvuvi, Kigoma: Dada, angalia mada kabla ya ada. Mimi nilitaka kuandika kuhusu uvuvi wa Pwani. Msimamizi akaniuliza, "Takwimu utazikusanya lini, na wewe siku zote uko Kigoma?" Nikahamia kwenye dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika, ambao nawakuta mwaloni Kibirizi kila siku ya kazi. Hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, uzamivu wake wa Cambridge ulitokana na sokwe wa Gombe, huku kwetu Kigoma, alikokuwa akifanyia kazi. Wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, mwalo unatulia, na usiku huo ndio niliokuwa naandika. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, takwimu zangu zilikatika. Niliumia sana. Msimamizi akasema kukatika kwenyewe kuwe sura ya tasnifu, na ndiyo sura ninayoipenda kuliko zote. Mtu wa mbali angeona pengo tu.

Halafu weka akiba pembeni ya ada. Wasaidizi wa kukusanya takwimu wanataka posho, na chuo changu kilidai makala zichapishwe kwenye majarida kabla ya kutetea tasnifu.

Mwalimu wa sekondari, Kasulu: Niliacha, na sijutii. Ada nilikuwa naimudu. Mama aliugua, na kila semina ilikuwa Dar, nikamchagua mama. Uliza mapema taratibu za kuahirisha masomo, maana mwenzangu aliahirisha mwaka mzima, akarudi, akamaliza.

Mke wa mwanafunzi, Nzega: Anayesoma ni mume wangu, lakini nyumba nzima inasoma naye. Kaa na mwenzako mkubaliane nani ataamka mtoto akipata homa, na siku gani kompyuta haifunguliwi. Kwetu ni Jumapili, hata msimamizi wake anajua.

Mwanzisha mada: Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mada yangu ni wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki, na kliniki zenyewe ndiko wanafunzi wangu wanakofanyia mazoezi. Mume wangu nitazungumza naye leo. Kinachonitia wasiwasi ni vibali.

Afisa uvuvi, Kigoma: Basi mada unayo. Kwa utafiti wa afya utahitaji kibali cha maadili kutoka NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Andiko la utafiti likishapita chuoni, peleka maombi mara moja, na usikusanye hata dodoso moja kabla hakijatoka. Pia waombe wakuu wako wasikupangie zamu za usiku muhula wa kwanza. Mtoto anayenyonya na andiko vinatosha.