Ukoo wa Mzee Mbwana 🌴

ALHAMISI

Shangazi Rehema: Assalaam alaykum wanaukoo. Nakumbusha Jumamosi tunapeleka posa Muheza. Kuondoka saa 11 alfajiri, si saa 11 ya Hamisi. Noah ipoje?

Shangazi Rehema: Nimeuliza Noah ipoje. Naona watu 9 wamesoma.

Hamisi: Waalaykum salaam shangazi. Imegoma leo asubuhi. Nikiwasha inalia tik tik tik, taa za dashibodi zinafifia. Betri imekufa, inabidi tununue nyingine.

Mwajuma: Betri TENA?

Mwajuma: Ile ya mchango wa mwaka jana si ndo hii hii?

Bi Kidawa: Hapo sasa 👀

Idi: Kaka Hamisi, fungua boneti ushike tamino, kile kibano cha waya kwenye kichwa cha betri, kwa mkono. Inazunguka?

Hamisi: Inacheza kidogo ndio. Mara gari linawaka mara haliwaki. Jana nimepita tuta pale Kongowe redio ikazima, saa ikarudi 1:00.

Idi: Basi betri haijafa. Betri mbovu haisubiri tuta. Hiyo ni tamino imelegea, umeme unapita pale panapogusa tu. Taa zinaridhika na kidogo, starta ndo inataka mwingi inaukosa. Tuma picha.

Mjomba Chande: Waliolegea ukoo huu si tamino peke yake 😂😂

Shangazi Rehema: Chande hujaulizwa. Ya mafuta umetuma?

Hamisi: 📷 Picha

Idi: Huo unga mweupe wenye kijani ni kutu ya asidi, nao unazuia umeme. Ila ngoja. Upande wa hasi, katikati ya tamino na kichwa cha betri, huo ni msumari??

Mwajuma: Msumari wa inchi 2. Wa bati.

Bi Kidawa: Si tulichanga na tamino mpya? Mi nilitoa 15,000.

Hamisi: Fundi ndo aliweka. Alisema betri mpya ina vichwa vyembamba kuliko ile ya zamani, tamino zinapwaya.

Idi: Kupwaya kweli zinapwaya. Dawa yake tamino za saizi hiyo, si msumari.

Mwajuma: Kwa hiyo hela ya tamino ilinunua msumari. Kama ile ya Chalinze.

Hamisi: Mwajuma usianze na Chalinze.

Mwajuma: Siku ya harusi YANGU nimekaa Chalinze na shela kichwani adhuhuri mpaka magharibi nakula mahindi ya kuchoma!

Mjomba Chande: Na zile picha za mahindi zilitoka vizuri kuliko za ukumbini 😂 Jumamosi ikigoma si tunasukuma tu

Idi: Mjomba, Noah hii otomatiki. Mtasukuma mpaka Segera haitawaka.

Shangazi Rehema: TURUDI KWENYE GARI. Idi sema kinachotakiwa.

Idi: Spana namba 10, mswaki wa zamani, msasa, maji ya moto na ile soda ya unga ya jikoni. Zima gari, chomoa funguo. Fungua hasi kwanza ndo chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche, na betri inatoa gesi inayoshika moto. Sugua mpaka risasi ya vichwa vya betri na tamino ing'ae, kausha. Kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza mpaka isizunguke kwa mkono, ila si kwa nguvu za nati za tairi, risasi ni laini. Malizia na vaselini juu.

Bi Kidawa: Na Hamisi asivute sigara hapo.

Idi: Nitakuja na mita. Gari likiwa limezimwa ikisoma kama volti 12.6 betri nzima. Likiwaka ipande 13.8 mpaka 14.4, alteneta inayochaji betri nayo haina kesi.

Baba Mkubwa: Nimewasoma tangu mchana. Gari hilo marehemu mdogo wangu aliliacha libebe watu wake kwenye kheri na shari. Hamisi, hela za watu utanieleza mimi, nyumbani kwangu, si humu. Mwajuma, mahindi ulishakula na mume unaye. Msumari huo hauendi ukweni. Gari lisipowaka kesho kabla ya magharibi tunapanda basi sote, na mimi na goti langu.

Hamisi: Nimekusikia baba mkubwa.

Mwajuma: Sawa baba.

Mjomba Chande: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Rehema: Tulishausoma Chande.

Shangazi Rehema: Haya. Idi kesho ukitoka msikitini nenda moja kwa moja. Tamino natoa hela mimi, na nitaidai. Hamisi funguo?

Hamisi: Kesho nipo zamu mpaka saa 2 usiku shangazi. Funguo anazo Mama Salma.

Shangazi Rehema: Mama Salma, Idi apite saa 8?

Shangazi Rehema: Mama Salma.

IJUMAA

Shangazi Rehema: Mama Salma nakuona upo hewani.

Bi Kidawa: Huyo ni Salma na katuni zake. Mama mtu kaenda sokoni.

Idi: Sasa nije nisije? Duka la spea linafunga mapema leo.

Shangazi Rehema: Njoo. Nampigia mume wake.

Juma wa Mbezi: Jamani kama ni basi mnikatie siti ya dirishani