Mtu wa tatu akiapa "sina fedha zake", mzigo wa kuthibitisha uwe wa nani?

Wanajamvi, hebu tulijadili hili. Umeshinda kesi, hukumu unayo, mdaiwa halipi. Mahakama inatoa amri ya kukamata fedha zake zilizo kwa mtu wa tatu: benki, mwajiri au mpangaji wake. Huyo analeta majibu ya kiapo: "Hanidai hata senti." Wengi hapo hukunja faili. Mapema mno!

Majibu hayo si hukumu, yanapingika, ila kwa muda maalumu. Florida, Marekani, mdai ana siku 20 za kuyakanusha. Akinyamaza, yanahesabiwa kuwa kweli. Mimi nisingeandika "nayakataa yote" nikaishia hapo. Ningetaja aya ninayoikataa, kisha niombe nyaraka: taarifa ya akaunti, orodha ya mishahara, mkataba wa pango. Na nikaze macho kwenye tarehe. Swali si leo kuna nini, ni siku amri ilipopokelewa (na huko Florida, hadi siku alipojibu) kulikuwa na nini, maana aliyemlipa mdaiwa baada ya siku hiyo anaweza kuamriwa alipe tena. Wakibishana, mahakama inasikiliza ushahidi na aliyeapa anahojiwa.

Kinachonikera ni mdai kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha wakati vitabu vyote viko kabatini kwa mwenzake.

— Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Huyo mtu wa tatu hajakukopa wewe, kaburutwa tu kwenye ugomvi wa watu. Nawe huwezi kupata zaidi ya ambacho mdaiwa mwenyewe angeweza kumdai. Kama benki ilikuwa na haki ya kukata mkopo wake kwanza, utafanyaje? Ukipinga kwa kubahatisha, wakili wa huyo mtu wa tatu alipwe na nani?

— Naona mnachanganya mambo mawili. Anayesema "sikuwa na kitu chake", sawa, mdai ndiye athibitishe. Lakini anayesema "nilikuwa nazo, nikazikata kufidia deni langu" ameshakiri kuzishika. Makato hayo ayathibitishe yeye, kwa mkataba na tarehe.

— Mimi mleta mada nasema hapo umenena, ndugu, na nusu ya hoja yangu umeimaliza. Uingereza benki ikipokea amri hupewa siku 7 kutafuta akaunti za mdaiwa na kueleza salio kama linatosha, na kama yenyewe inadai haki juu ya fedha hizo. Mdai anaanza na kitu mkononi. Ila hiyo ni benki. Mwajiri akiwa shemeji yake mdaiwa, akaapa kwamba mshahara wa miezi sita ijayo alishaulipa kabla ya amri kufika, nitamvunjaje bila daftari lake? Mimi nasema alete hati za malipo kwanza, ndipo niambiwe nithibitishe. Mkuu, hata hilo unalipinga?