Tom Finney alikuwa fundi bomba: nani hapa alicheza mpira huku ana kazi nyingine? Tupeane uzoefu

Fundi wa Tabata
Wakuu, habari zenu. Juzi nilikuwa naziba bomba la jikoni kwa mama mmoja, kijana wake wa miaka 14 ananishikia tochi. Akaniambia ufundi ni wa waliokosa kipaji, yeye anakwenda kucheza mpira. Nikamsimulia habari za Tom Finney mpaka koki ikakauka.

Finney alizaliwa Preston, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1922, jirani na Deepdale, uwanja wa klabu ya Preston North End. Timu ilipomtaka akiwa bado mtoto, baba yake alikataa: amalize kwanza kujifunza ufundi bomba. Akasaini kama mchezaji wa kulipwa mwaka 1940, lakini vita vikamchukua. Alipelekwa Misri, kisha Italia, na Jeshi la Nane la Uingereza. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Agosti 1946, ana miaka 24. Mwezi uliofuata yuko timu ya taifa!

Winga ya kulia, ya kushoto, hata namba tisa, kote alicheza. Mechi 433 za ligi, mabao 187, yote kwa Preston North End. Taifa mechi 76, mabao 30. Mchezaji bora wa mwaka 1954 na tena 1957, wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili.

Na mshahara? Ligi iliweka kiwango ambacho hakuna klabu iliyoruhusiwa kukizidisha. Mwaka 1952 kilikuwa pauni 14 kwa wiki, na ligi ikisimama kiangazi kinashuka. Mwaka huohuo Palermo ya Italia ikamjia na pauni 10,000 za kusaini, pauni 130 kila mwezi, nyumba na gari. Pigeni hesabu: hizo 10,000 peke yake ni zaidi ya miaka 13 ya mshahara wake. Klabu ikakataa, habari ikaishia hapo. Basi akaendelea na kampuni ya mabomba aliyokuwa nayo na ndugu yake. Aliacha soka 1960 kwa maumivu ya kinena. Januari 1961 kile kiwango kikafutwa. Yaani miezi michache tu! Hilo huwa linaniuma kila nikilikumbuka.

Haya, leteni ya kwenu.

Winga Mstaafu, Mwanza
Mkuu umenigusa. Miaka ya themanini nilichezea timu ya shirika. Asubuhi nipo karakana, saa kumi jioni mazoezini. Mshahara ulikuwa wa karakana, mpira ulikuwa posho na nauli. Vijana wenzangu wengi walikuwa wanasaini daftari la mahudhurio na kurudi kulala, maana bosi alikuwa shabiki. Mimi fundi mkuu alinikazia, nikajifunza kuchomelea nikiwa nanung'unika.

Goti lilikwenda nikiwa na miaka 27. Baadaye shirika likauzwa, timu ikafa, wenzangu wakabaki na picha. Mimi mageti ninayotengeneza ndiyo yamesomesha watoto wanne. Yule fundi mkuu ameshatangulia, na sikuwahi kumshukuru akiwa hai.

Dada wa Lancashire
Shikamooni wakubwa. Mimi ninaishi hukuhuku Preston, ninahudumia wazee. Mmoja wao nikimsukuma kwenye kiti chake tukipita Deepdale lazima nisimame kwenye sanamu ya Finney. Imechongwa kutokana na picha ya mwaka 1956, uwanja wa Chelsea umejaa maji, Finney anateleza na maji yameruka pande zote. Sanamu yenyewe imezungukwa na maji.

Mzee wangu akiwa mtoto alikuwa anapelekwa uwanjani na baba yake. Mabao hayasimulii sana. Anachosimulia ni 1953, Preston walipolingana pointi na Arsenal na ubingwa ukaenda London kwa uwiano wa mabao tu. Mwaka uliofuata wakafika fainali ya Kombe la FA, West Brom wakawafunga 3-2 na Finney hakucheza vizuri. Baba yake alirudi kutoka Wembley akakaa jikoni na koti lake, hakula. Finney alipostaafu, msimu uliofuata timu ikashuka daraja, na mpaka leo haijarudi ligi ya juu.

Beki wa Kisauni
Ndugu zangu, mimi hapo kwenye "yote kwa Preston North End" nasita. Watu husifu uaminifu wake, na alikuwa mtu muungwana kweli, refa hakuwahi kumwandika jina kwa kosa. Lakini wakati ule hata mkataba ukiisha klabu ilibaki na usajili wako. Mpaka 1963 mchezaji George Eastham aliposhinda kesi yake dhidi ya klabu yake ya zamani, Newcastle, ndipo kamba ile ikalegea. Mtu aliyefungiwa mlango tusimsifu kwa kukaa ndani.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Timu moja ya pwani ilininyima barua ya kuachiwa msimu mzima, na mishahara ya miezi mitano hawajanilipa. Nikaendesha tuktuk. Ndiyo, kazi ya pili iliniokoa, nashukuru Mungu, lakini isiwe sababu ya viongozi kusema "huyu ana pa kujishikiza, atavumilia."

Fundi wa Tabata
Kaka umesema kweli, na kwa yule kijana nilisahau kabisa kulisema hilo. Jumamosi narudi kubadilisha koki ya bafuni, nitamwambia. Nitamwambia pia kwamba mwaka 1963, ana miaka 41, Finney alirudi kuisaidia klabu ya Distillery ya Belfast dhidi ya Benfica, waliokuwa wametoka kucheza fainali tatu mfululizo za Kombe la Ulaya, na mechi ikaisha 3-3.

Hiyo barua yako walikuja kuitoa?

Beki wa Kisauni
Waliitoa. Siku mbili baada ya dirisha la usajili kufungwa.