Mtamba wangu amewekwa wa sita kati ya saba. Nilikosea wapi?

MamaTito_Elburgon

Hamjambo wafugaji wenzangu. Huwa nasoma tu humu kimya kimya, ila leo nina dukuduku.

Nina mtamba wa Ayrshire, ng'ombe wa maziwa ambaye hajazaa bado, jina lake Kadogo. Jina alilipata siku aliyozaliwa, kilo 27 na miguu kama vijiti vya kuku wa kuchoma. Sasa mkanda wa kupimia uzito unasema kilo 390 na jina limekataa kutoka. Ana mimba ya miezi mitano. Wiki iliyopita, Alhamisi, nilimwingiza kwenye shoo yetu ya kanda, kundi la mitamba wenye mimba. Walikuwa saba. Jaji akawazungusha mara tatu, akawasimamisha, akawashika shika mbavu, akawapanga. Kadogo wa sita. Wa saba ni yule aliyemburuta mwenye kamba mpaka kwenye uzio, kwa hiyo mnaweza kuhesabu wenyewe.

Kushindwa si neno. Linaloniuma ni sababu. Jaji alichukua kipaza sauti akaeleza mmoja mmoja. Kwa Kadogo alisema kifua ni kipana, mbavu zimefunguka vizuri, "lakini akitembea anakunja mgongo." Mgongo! Huyu ng'ombe nyumbani ungemwekea kikombe cha chai mgongoni kisimwagike. Na hata palepale ringini akisimama mgongo ulikuwa sawa, nina picha tatu za mwanangu akiwa amemshika kamba, nimeziweka hapo chini.

Maandalizi nilifanya miezi mitatu. Kamba ya kichwa kila jioni, tunashuka naye mtoni na kurudi. Redio bandani azoee kelele. Kwato zimekatwa, kichwa na shingo zimenyolewa, mkia umeoshwa kwa sabuni ya kipande ukachanwa. Asubuhi ya shoo nilimpa hei, yaani nyasi kavu, akashiba na maji akanywa.

Sasa jirani anasema mgongo mbovu unarithiwa, nimuuze kabla hajazaa. Na kuna mnunuzi amekuja jana na 90,000 mkononi, anataka jibu Jumamosi. Nimuuze?

Kipara_wa_Molo

Pole mama. Ila mimi nitasema ukweli, tepe ya ushindi haikamuliwi. Hizo shoo ni za wenye mashamba makubwa, ng'ombe wao wanaogeshwa na watu watatu. Wewe kamua ng'ombe wako upeleke maziwa kwa chama, uache kusumbuka na migongo.

MshikaKamba

Mama Tito, usimuuzie mtu yeyote kitu chochote kabla hujanijibu haya. Kwato zilikatwa siku gani? Nani alikata? Kutoka kwenye mabanda hadi ringini mlipita juu ya nyasi au juu ya kokoto? Na je, kati ya siku ya kukata na siku ya shoo, alikuwa analala zaidi ya kawaida yake?

Kipara, na wewe nitakujia.

MamaTito_Elburgon

Mzee, asante kwa kujibu. Zilikatwa Jumatatu, siku tatu kabla. Alikata kijana mmoja wa huku kwetu, ana kisu cha kwato na tupa, kazi yake ni safi sana, aliziacha nyeupe kama sahani. Njia ya kwenda ringini ni kokoto tupu, zile kubwa za kujengea. Kulala, ndiyo, Jumanne na Jumatano alilala sana. Nilidhani ni mimba.

MshikaKamba

Nilijua. Mwambie mnunuzi arudi kwao na 90,000 zake.

Mimi nimeshika kamba tangu 1984. Nakuru, Eldoret, Kitale, mpaka Jamhuri Park kule Nairobi. Baba yangu alishika kabla yangu, enzi ambazo hiki chama cha maonyesho, ambacho kipo tangu 1901, kilikuwa cha walowezi. Baba alishika kamba, bwana akashika kikombe. Sisemi haya nijisifu, nasema ujue kwamba migongo nimeiona.

Ng'ombe mwenye mgongo mbaya wa kuzaliwa anao akisimama, anao akitembea, anao akinywa maji. Wako anao akitembea tu. Huo si mgongo, hiyo ni miguu inalalamika. Akiumia wayo, ng'ombe huingiza miguu ya nyuma chini ya tumbo apunguze uzito, na mgongo unapanda wenyewe. Vua viatu utembee kwenye hizo kokoto uone kama na wewe hutajikunja.

Kilichonishtua ni hizo sahani. Wayo ukiwa mweupe na laini kote, kisu kimekwenda mbali. Siku nyingine fanya hivi. Pima ukuta wa mbele wa ukwato, kuanzia nywele zinapoishia mpaka kwenye ncha. Kwa ng'ombe mzima ni karibu sentimita 7 na nusu, na ukishuka sana chini ya hapo unatafuta matatizo. Halafu bonyeza wayo kwa kidole gumba, kwa nguvu kama unavyojaribu parachichi. Ukihisi unabonyea hata kidogo tu, weka kisu chini, umeshapita. Ukwato huota kama milimita 5 kwa mwezi, kwa hiyo kijana wako akichukua milimita tano za ziada kwa kupenda usafi, unazisubiri mwezi mzima.

Kwa hiyo mimi hukata wiki nne mpaka sita kabla ya shoo. Wiki ya mwisho ni tupa peke yake, na ni kwenye ncha peke yake, urembo tu. Haya nilifundishwa na fahali wa Sahiwal niliyemkata kwato Jumamosi nikamwingiza ringini Jumatano. Alitembea kama mzee anayetafuta miwani sakafuni. Tajiri wangu hakusema neno lolote mpaka tukafika nyumbani, kilomita 60. Afadhali angenitukana njiani.

Sasa picha zako. Ya kwanza na ya tatu ni nzuri. Ya pili mwonyeshe mwanao aliyeshika kamba. Amemsimamisha Kadogo miguu ya mbele ikiwa kwenye kishimo, kwa hiyo ng'ombe anaonekana anateremka, matako juu, mabega chini. Ringi ya nyasi haijawahi kuwa tambarare. Tafuta pahali ambapo miguu ya mbele itakaa juu kidogo, hata kwa upana wa vidole viwili. Na kwa kuwa ni mtamba, mguu wa nyuma ulio upande wa jaji urudi nyuma kidogo kuliko mwenzake, jaji aone paja zima. Hapo umemsimamisha sawa kama meza.

Jambo jingine, mwanao anamwangalia ng'ombe. Nimeona kwenye picha zote tatu. Ng'ombe anamjua tangu azaliwe, hakuna jipya pale. Macho yawe kwa jaji, kwa sababu jaji akiinua kidole mara moja umsogeze ng'ombe na wewe hukuona, harudii.

Kipara, tepe haikamuliwi, ni kweli. Lakini ng'ombe asiye na karatasi akiandikishwa Kenya Stud Book, daftari la ukoo wa mifugo, anaanza ngazi ya chini kabisa ya msingi, na uzao wake ukipandishwa kwa mbegu nzuri kizazi hadi kizazi unapanda ngazi tatu zaidi mpaka ukoo kamili. Mnunuzi akikuta cheti hicho bandani na tepe ukutani, hazungumzi tena habari ya 90,000. Mama Tito, ameandikishwa?

Mfugaji_Nzuguni

Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Nimecheka hapo kwenye miwani.

Sisi huku mambo yetu ni Nane Nane, tarehe 8 Agosti, na ng'ombe wangu ni Mpwapwa, si wa maziwa mengi kama hao wenu. Kwa wasiomjua, ana damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, akachanganywa na zebu wetu na kidogo ya Ulaya, na alitengenezwa hapohapo Mpwapwa kwa ajili ya nchi kavu kama hii. Nawaunga mkono kwenye kokoto. Mimi nilimtembeza fahali kwenye lami saa saba mchana, mwezi wa nane, jua la Dodoma mnalijua. Alifika kwenye paredi anainua miguu kama anacheza ngoma, watu wakampigia makofi wakidhani ni mbwembwe. Siku hizi tunatembea saa kumi na mbili asubuhi, na kama kuna lami basi tunapita pembeni kwenye mchanga.

Dada, mtamba mwenye mimba usimuuze kwa maneno ya jirani. Jirani ana ng'ombe wangapi?

Dakt_Mashinani

Mimi ni daktari wa mifugo, nafanya kazi vijijini. Mzee MshikaKamba amesema kila kitu, naongeza mawili.

Sisi tuna kipimo cha kuchechemea, 1 mpaka 5. Ng'ombe anayesimama mgongo ukiwa umenyooka kisha akaukunja anapotembea anapata 2. Hajaanza kuchechemea kwa macho ya kawaida, ndiyo maana mama hukuona na jaji akaona. Kwa kukata kupita kiasi, dawa kubwa ni kumpumzisha mahali laini. Maranda au nyasi kavu nyingi chini, maji na chakula umletee palepale, mtoni asiende kwa wiki mbili tatu. Ukiona ukwato una joto kuliko wenzake, au umevimba juu pale kwenye nywele, au anaanza kunyanyua mguu mmoja, hapo ni usaha, mwite mtu wa mifugo siku hiyohiyo. Na usimkubali yeyote amkate tena ili "kusawazisha".

La pili ndilo lililonifanya niandike. Mama Tito, ng'ombe alipotoka shoo ulimtenga? Pale anakutana na ng'ombe wa kaunti nne tano, wanalambana, wanakunywa ndoo moja. Ugonjwa wa miguu na midomo unaweza kukaa mwilini mpaka siku 14 kabla ya kuonekana. Kibali cha kusafirisha na chanjo najua mlikuwa navyo, bila hivyo lango hamvuki, lakini chanjo yenyewe haizuii kila aina ya kirusi. Na yeye kwa sasa ni ng'ombe mwenye miguu inayouma, kwa hiyo ugonjwa ukija utaupita ukidhani ni kwato.

Kipara_wa_Molo

Sawa mzee nimekubali hiyo ya Stud Book. Lakini watu watatu wa kuogesha bado nimewaona kwa macho yangu.

MamaTito_Elburgon

Jamani nimesoma hii mara mbili, mara ya pili nikiwa bandani na tochi.

Nianze na daktari kwa sababu ndiye aliyeninyima usingizi. Sikumtenga. Alishuka kwenye pikapu akaenda moja kwa moja kwa wenzake, na usiku uleule akala hori moja na mama yake, ambaye ndiye ananilipia karo. Leo asubuhi nimewahamisha mbuzi, wako jikoni kwa sasa, baba Tito hajafurahi. Kadogo yuko kwenye banda la mbuzi na magunia sita ya maranda niliyoomba kwa fundi seremala hapo barabarani. Viatu vya kuingilia kwake ni vingine na ndoo yake ni nyingine. Ni siku ya tisa tangu shoo. Nimemfungua mdomo na kuangalia ulimi na ufizi, hakuna lengelenge, mate hayadondoki, joto ni 38.6. Mama yake pia nimempima, 38.4. Nitakuwa napima kila asubuhi mpaka siku 14 ziishe, na mama yake nitampima zaidi ya hapo kwa kuwa walilala pamoja.

Kwato. Nimefanya hiyo ya kidole gumba. Mguu wa nyuma wa kulia, ukucha wa nje, unabonyea. Ile miguu mingine mitatu ni migumu, huu mmoja ni kama mkate wa juzi. Nilipobonyeza alivuta mguu na akageuka kunitazama. Sijui nimwambie nini yule kijana, maana nilimsifu mbele za watu na kumwongezea mia mbili.

Mzee, hajaandikishwa. Kadi ya mpanda mbegu, yule wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali, ninayo, ina jina la fahali na tarehe, imechafuka kidogo na chai. Inatosha kuanzia? Na mama yake hana karatasi yoyote, nilimnunua sokoni.

Mnunuzi alipiga simu saa nne, kabla ya Jumamosi yake. Amefika 105,000. Nimemwambia mgongo umepona.

MshikaKamba

Kadi inatosha, chai haidhuru. Andika upande wa pili tarehe aliyozaliwa na alama zake, mabaka ya kushoto na ya kulia uyachore hata kwa penseli, kabla hujasahau yapi ni ya ndama na yapi ni ya mama. Mama kukosa karatasi ndiyo maana ataanzia ngazi ya chini, si kosa.

Yule kijana mwite aje abonyeze mwenyewe kwa kidole chake. Usimwambie kitu.