Mtoto anamkimbia baba yake aliyerudi toka misheni, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri hasa wamama mnaoishi makambini. Mume wangu ni mwanajeshi, alienda kulinda amani Jamhuri ya Afrika ya Kati mtoto akiwa na miezi 9, amerudi wiki 3 zilizopita na binti sasa ana mwaka 1 na miezi 10. Muda wote tulikuwa tunapiga video call usiku, kule wako nyuma yetu masaa mawili kwahiyo mara nyingi mtoto alikuwa anasinzia tu, ila alishazoea kubusu kioo cha simu na kusema "baba".

Sasa baba yupo ndani na mtoto hamtaki jamani. Akimbeba analia mpaka anakohoa, halafu anaokota simu yangu, anaigeuza geuza, anasema "baba, baba" huku baba mwenyewe kakaa pale pale kwenye kochi anamwangalia. Juzi nilimuona anatoka nje kimya kimya, iliniuma sana.

Nimejaribu kumwachia yeye amlishe uji, mtoto kagoma kula kabisa. Kulala ndo usiseme, anataka alale katikati yetu kanishika shingo. Mama mkwe anasema nitoke niwaache wawili siku nzima atazoea tu, mi naogopa atalia mpaka augue.

Je, niwaache kweli au niende taratibu? Na kwa mliopitia hili, ilichukua muda gani mtoto kumzoea baba? Mwezi wa pili anarudi kikosini, siku zinaisha.